Fisi Aenda Ukweni kwa Mlima wa Mchanga

Wenye masikio mpo?

Tupo, na mengine tumeazima!

Nina kisa hapa.

Kimwage, tukizoe!

Hapo kale, kule jangwani, palikuwa na Mlima wa Mchanga. Mweusi, umejikunja kama mwezi mwandamo, na upepo ukivuma, unasogea. Kila mnyama alitaka kuuona. Aliyeuona alirudi akijigamba mpaka wenzake wakamchoka.

Fisi hakuwa ameuona. Jambo hilo lilimkera kuliko njaa, na njaa ya Fisi mnaijua.

Asubuhi moja akaenda kwa Digidigi, yule paa mdogo mwenye miguu kama njiti. Akasimama penye mlango wa kichaka chake, na kichaka chenyewe kilikuwa na mlango mmoja tu.

"Digidigi, ndugu yangu! Twende tukauone mlima. Njia unaijua wewe, mipango nimeshaifanya mimi. Kibuyu cha maji, ninacho. Sufuria, ninayo. Chumvi, ninayo. Pilipili, ninayo."

"Na kitoweo, kaka?"

"Hihihihi! Kitoweo kitakuja kwa miguu yake."

Digidigi akaitazama miguu yake. Akimbie? Hapana pa kupitia. Akatae? Ataliwa papo hapo, bila hata chumvi.

"Umepanga vizuri kweli," akasema. "Ila kaka, mlima ule ndiye mama wa umande. Nasi huku tunalala na umande, tunaamka na umande. Sasa mama yake umande ni nani kwako?"

Fisi hakupenda kuonekana hajui. "Ni mama mkwe, bila shaka!"

"Na ukweni mtu huenda akimkodolea mkwe macho?"

"Hata! Huenda kinyumenyume, kajifunika kichwa. Mimi nina wake tele, utanifundisha adabu wewe?"

"Na njiani hutafunatafuna?"

"Hata! Hufika na njaa, ale vya mkwe mpaka ashindwe."

"Na akifika, huingia tu kama mwizi?"

"Hata! Huketi chini, akangoja aambiwe karibu."

"Haya, kaka. Nilitaka kuhakikisha tu."

Fisi akalamba midomo akiwaza mapochopocho ya mkwe. Digidigi akajua ameahirishwa mpaka safari ya kurudi.

Wakaondoka. Fisi kajifunika shuka, sufuria mgongoni, anakwenda kinyumenyume. Nyuma, nyuma, pwata, pwata! Sufuria nayo, kwangala, kwangala! Jua likachoma. Tumbo la Fisi likalia, nguruuu!

"Bado?"

"Bado, kaka. Kushoto kidogo. Mwiba huo."

"Aii!"

"Si nimesema mwiba?"

Wakafika. Digidigi akainua macho, akasahau kabisa kwamba yeye ni kitoweo. Mlima ulimeremeta, mchanga ukiteleza ukingoni, shiii, shiii. Alifurahi mpaka machozi yakamlengalenga. Kisha akakumbuka.

"Keti hapa, kaka. Ngoja nimwambie mkwe umefika."

Akapanda, akashukia upande wa pili, huyoo, akatimka kwao.

Fisi akangoja. Upepo ukavuma, vuuu! Mchanga ukafunika mkia. "Mkwe ananishika mkia," akawaza, "amenipenda." Mchanga ukafunika sufuria. Fisi kimya, adabu tele. Ukafunika mgongo. Bado kimya. Ulipomfika puani, chaaafya! Akachomoka, akakimbia bila kugeuka, maana kugeuka kungekuwa kumkodolea mkwe macho.

Akafika kichakani akihema. "Digidigi! Mkwe hakunikaribisha!"

"Alikuwa anapika, kaka. Ametoka na sinia, hakukuona. Umeondoka ukweni bila kuaga?"

Fisi akanywea.

"Sitamwambia mtu," akasema Digidigi. "Maadamu nina afya yangu."

Tangu siku hiyo Fisi akimwona Digidigi njiani hukata kona. Na wenzake wakimwuliza mlima ukoje, hujibu kwamba alikaribishwa vizuri, ila wageni walikuwa wengi, hakupata nafasi ya kuutazama.

Basi fundisho, wanangu: waheshimuni wakwe zenu. Na mkialikwa safari na mwenye meno makubwa, kubalini haraka, hasa akija na sufuria yake mwenyewe. Ni mtu aliyejipanga.

Kisa kimeketi hapo. Atakayekiinua, akibebe mwenyewe.