Studio ya Jirani na Mashine

Kitu kilichovingirika hadi mvunguni mwa kitanda hakitoki kwa kuitwa, wala hakiulizi anayekitaka ana cheo gani. Mwenye haja nacho hupiga magoti, akainamisha shingo na kupapasa vumbini mpaka akipate. Ndivyo yalivyo mambo mengi mema ya dunia: hayamfuati aliyesimama wima akikitazama kivuli chake. Luhaga, kijana wa Nkololo, aliufahamu ukweli huo tangu shuleni, tena aliwahi kuuandikia insha iliyosifiwa na mwalimu. Lakini kuujua na kuuonja ni vitu viwili.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Milango ya biashara ilikuwa imefunguliwa nchini. Wanunuzi binafsi wa pamba walishindana vijijini, redio za watu binafsi zilichipuka Mwanza kama uyoga baada ya mvua, na kompyuta za mitumba zilianza kuonekana madukani. Luhaga alipomaliza kidato cha sita alikaa kwa mjomba wake Mwanza, na huko alipata kibarua cha kufagia studio moja ndogo ya muziki. Alifagia kwa mkono, lakini macho yake hayakubanduka kwenye kompyuta ya fundi. Akaona jinsi sauti ya mwimbaji inavyoingia, inavyopangwa juu ya ngoma na zeze, na inavyotoka imenyooka kama uzi. Akawafikiria waimbaji wa kwao, ambao wengi walizeeka bila kupata nauli ya kufika Mwanza. Akarudi nyumbani na nia moja: kufungua studio Bariadi, mji wa wilaya yao.

Baba yake, mzee Shigela, alikuwa mkulima wa pamba asiyependa maneno mengi.

"Nimeuza ng'ombe ukasoma," alimwambia, "leo unataka kucheza na redio?"

"Si kucheza, baba. Ni kazi kama kazi nyingine."

Mzee alitafuna muwa, akatema makapi. "Haya. Nakuachia kiangazi hiki. Mvua za kulima zikianza, na kazi yako haijaonekana, utarudi hapa tulime."

Luhaga alikuwa na rafiki, Keneth, waliyesoma naye. Naye alikuwa na ndoto hiyo hiyo, ila yake ilikuwa na vioo, zulia na kiyoyozi. "Mimi siwezi kuanza na vitu vya kuokoteza," alikuwa akisema. "Natafuta mfadhili." Kwa hiyo, Luhaga alipopata kibarua cha kupakia marobota kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, Keneth alishika kichwa.

"Msomi mzima unabeba marobota! Watu watakusema."

"Waache waseme. Maneno hayavunji mfupa," Luhaga alimjibu, ingawa shingo ilikuwa ikimuuma kweli kweli.

Alibeba marobota hayo hadi jua la kiangazi lilipombabua mabega. Kidogo alichopata alikibana kama kupe anavyoshika ngozi. Hatimaye alinunua Mwanza kompyuta kuukuu, iliyokuwa nyeupe zamani na sasa imekuwa ya manjano, pamoja na maikrofoni moja. Akapanga chumba Bariadi mjini. Chumba chenyewe kilikuwa cha bei ya chini kuliko vyote alivyovitazama, na sababu aliijua alipoamka siku ya kwanza: ukuta wa pili ilikuwapo mashine ya kusaga, na injini yake ya dizeli ilinguruma tangu alfajiri hadi usiku.

Mwenye mashine alikuwa Ernestina, mjane wa makamo. Luhaga, kwa ujana na kwa cheti chake, alimwendea akiwa amefunga mikono nyuma. "Mama," alimwambia, "kelele zako zinaharibu kazi ya kitaalamu." Ernestina alimtazama kuanzia viatuni hadi utosini, kisha akaendelea kupima mahindi ya wateja. Tangu siku hiyo hawakusalimiana.

Luhaga alijifariji kwamba atapata upenyo wa kurekodi mashine ikisimama. Akaanza kukitengeneza chumba. Alipopiga kofi, sauti ilimrudia kama ya mtu aliye ndani ya tangi. Akaomba kiwandani mabaki ya pamba chafu yaliyokuwa yakitupwa, akayajaza kwenye magunia, na magunia akayatundika ukutani na darini hadi chumba kikafanana na ghala. Alipopiga kofi tena, mlio ulikufa papo hapo. Nguzo ya feni mbovu ikawa mguu wa maikrofoni. Akavuta soksi nyembamba juu ya duara la waya, akaiweka mbele ya maikrofoni ili pumzi ya mwimbaji isipige kishindo. Keneth alipokuja kutazama, alicheka hadi akakohoa.

Wakati huo redio moja ya Mwanza ilitangaza kwamba inatafuta nyimbo za wakulima kutoka wilayani, na zote zifike kabla ya Jumapili. Luhaga alikwenda Mwamapalala kumtafuta Mariana, kiongozi wa wanawake waliokuwa wakiimba pamoja kwenye palizi. Mariana alimsikiliza huku akianika michembe, vipande vya viazi vitamu.

"Mama yangu alikuwa mtunzi kuliko mimi," alisema hatimaye. "Alikufa na nyimbo zake kifuani. Mmoja tu ndio ninaoujua wote, mwanzo hadi mwisho. Tutakuja."

Walikuja Alhamisi asubuhi, wamevaa kanga za sare. Luhaga aliwapanga, akavaa vipokea sauti masikioni, akabonyeza. Waliimba vizuri mno. Alipowachezea walichoimba, chini ya sauti zao ilisikika injini ya Ernestina: du-du-du-du, kama mgeni aliyeingia bila hodi.

"Sasa hapa tunaimba au tunasaga?" Mariana aliuliza.

Wenzake walicheka. Luhaga hakucheka. Walirudia mara kadhaa, na kila mara du-du-du ilikuwamo. Wanawake wale wangelala kwa ndugu zao mjini usiku ule mmoja tu. Ijumaa jioni walitakiwa makwao. Alitoka nje, akaegemea ukuta uliotetemeka kwa injini, akahisi machozi yakimlenga. Kiangazi kizima cha marobota kilikuwa kinasagwa pamoja na mahindi ya watu.

Alisimama pale kwa muda mrefu. Kisha akaingia kwa Ernestina, akachuchumaa kama mtoto mbele ya mkubwa, akamwamkia kwa Kisukuma kama mama yake.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila," Ernestina alijibu bila kugeuka. "Leo utaalamu umeuacha wapi?"

"Mayu, nilikukosea adabu. Nimekuja kuomba radhi. Na nina shida. Naomba kesho uzime mashine kuanzia saa nne hadi adhuhuri. Kuna wimbo ambao usiporekodiwa kesho, sijui utarekodiwa lini."

"Na hawa waliotoka mbali na mahindi yao kichwani? Niwaambie njaa isubiri nyimbo?"

Luhaga aliutazama msururu wa madebe na ndoo. "Basi nipe kazi," alisema. "Nitakuja alfajiri. Nitabeba, nitamimina, nitafunga magunia. Tukiwa wawili, mzigo wa asubuhi utaisha kabla ya saa nne."

Ernestina aligeuka kwa mara ya kwanza. Hakumtazama usoni bali mikononi, penye sugu za marobota.

"Njoo," alisema. "Ila usije na shati jeupe."

Ijumaa kulipopambazuka, Luhaga alikuwa amekwisha kuinama na kuinuka mara zisizo na idadi. Unga ulimjaa nywele, kope na masikio. Wasichana waliokuja kusaga walinong'onezana wakibana vicheko. Mara akapita Keneth, shati limenyooshwa kwa pasi.

"Luhaga! Ndiyo studio hiyo? Unarekodi dona au sembe?"

Uso ulimwaka moto chini ya unga. Kwa dakika moja alitamani ardhi impasukie. Kisha akainama, akaokota debe lililofuata, akalimimina. Ernestina aliliona hilo. Akapaza sauti kuwaambia wateja, "Kuanzia saa nne tunazima. Watu wanarekodi wimbo wa redio. Asiye na haraka arudi adhuhuri, mwenye kutaka kusikiliza akae, ila afunge mdomo." Wengi walikaa.

Injini ilipozimwa, ukimya ulishuka mtaani kama shuka safi. Luhaga hakupata hata nafasi ya kunawa.

"Leo tunarekodiwa na mzimu," Mariana alisema, na vicheko vikawalegeza wote.

Mara ya kwanza kompyuta ilikwama katikati, ikapoteza kila kitu. Luhaga akaiwasha upya. Nje, Ernestina alisimama mlangoni akifukuza kuku na kuwanyamazisha watoto kwa kidole. Mara ya pili wimbo ulikwenda hadi mwisho. Luhaga alimvisha Mariana vipokea sauti, akamchezea. Mariana alisikiliza akiwa amefumba macho. Alipovivua, mashavu yalikuwa yamelowa.

"Huyu si mimi," alisema polepole. "Huyu ni mama."

Hata Ernestina alijifuta macho kwa ncha ya kanga.

Jumamosi sidii yenye wimbo huo ilisafiri kwenda Mwanza, na wiki iliyofuata wimbo ulisikika hewani, jina la Mwamapalala likatajwa, na la Bariadi pia. Ulirushwa tena na tena. Mvua za kwanza ziliponyesha, mzee Shigela alifika mjini akiwa amelowa. Luhaga alipomwona, alimwahi kwa maneno.

"Baba, najua mvua imeanza."

"Imeanza," mzee alisema. Aliyatazama magunia ukutani, akaipapasa soksi ile kwa kidole. "Mdogo wako Masele atanisaidia kulima. Mama yako anauliza, kwaya ya Nkololo ije lini?"

Luhaga alicheka, na baba yake, ambaye hakuzoea kucheka, akacheka pia. Baada ya Nkololo walikuja waimbaji wa Migato, kisha kikundi kutoka Lamadi. Kila Ijumaa asubuhi mashine ya Ernestina ilizimwa, na kila Ijumaa alfajiri Luhaga alikuwa kwenye mashine.

Ijumaa moja alfajiri Keneth alikuja kwenye mashine, safari hii bila kejeli. Mfadhili wake alikuwa hajatokea.

"Ndugu yangu, nieleze kweli," alisema. "Ulipata wapi njia?"

Luhaga alimwonyesha debe la mahindi lililokuwa miguuni mwao, msururu wa wateja nyuma yake. Keneth alilitazama debe, akalitazama shati lake. Kisha akakunja mikono ya shati, akapinda mgongo, akalinyanyua. Kwa hakika, mtaka cha mvunguni sharti ainame.