Makofi Mawili Juu ya Nyasi

"Huyu mzito ataweza kucheza kwetu, kule juu?"

Mwalimu wa raga wa chuo kikuu aliuliza hivyo mbele ya vijana kumi na wanne walioketi kwenye nyasi. Lishikeni swali hilo.

Mama mmoja alikuwa na mapacha. Wa kwanza aliitwa Mukhwana na wa pili Mulongo, kama Wabukusu wawaitavyo mapacha wao tangu zamani. Mukhwana alizaliwa kwa taabu. Alimtesa mama yake kutwa nzima. Mulongo alifuata kabla mkunga hajanawa mikono. Mkunga akacheka, akasema, huyu wa pili amekuta mlango wazi. Watu wakaushika mzaha huo. Mulongo alikua akiusikia, na hata siku moja hakuupenda.

Shuleni walicheza raga katika timu moja. Mukhwana alikuwa mpana wa kifua na mzito wa miguu, akawekwa safu ya mbele, mahali pa kusukumana kwa vichwa na mabega. Mulongo alikuwa mwepesi, akawekwa pembeni, mahali pa kukimbia. Na kazi yao ilikwenda hivi. Mukhwana aliuchukua mpira, akaenda nao moja kwa moja mahali wapinzani walipojazana. Watatu wanne wakamvamia, wakamlaza chini, wakamlalia. Lakini pale walipotoka hao watatu wanne palibaki pengo. Naye akiwa chini yao, uso kwenye tope, kabla ya kuuachia mpira alitoa mkono mmoja akapiga nyasi makofi mawili, upande ule pengo lilipo. Mkono ule ulionwa na mtu mmoja tu uwanjani. Mulongo aliuona, mpira ukamfikia, akapita. Akaulaza nyuma ya mstari wa wapinzani, ndilo bao lenyewe, na shule nzima ikaimba jina lake. Mukhwana alipofanikiwa kuinua kichwa, alichokiona kila mara kilikuwa mgongo wa ndugu yake ukienda.

Wanafunzi walimwita Lori. "Lori limekwama, leteni trekta!" walipiga kelele kutoka kando ya uwanja. Na mwingine, "Huyu ukitaka afike leo, mtume jana!" Mukhwana alicheka nao. Mulongo naye alicheka, kidogo, kwa upande mmoja wa mdomo.

Mwaka wao wa mwisho akaja yule mwalimu wa chuo. Alikuwa na nafasi moja kwa shule ile, si mbili. Atakayeipata angesomeshwa. Atakayeikosa, kwa hali ya mama yao, angerudi nyumbani kupakia miwa kwenye matrekta ya kiwanda. Mwalimu alikuwa na daftari, na ndani yake alikuwa ameandika majina ya walioulaza mpira nyuma ya mstari msimu ule. Jina la Mulongo lilikuwamo mara kumi na moja. La Mukhwana halikuwamo.

Kisha akataka kuwapima. Akachomeka vijiti uwanjani, akaamuru kila mmoja akimbie kati ya vijiti hivyo peke yake, wenzake wakiwa wameketi. Liangalieni kosa hilo. Mtu ambaye kazi yake yote ni kubeba uzito wa watu ili mwingine apite, akapimwa uwanja ukiwa mtupu, hakuna wa kumlalia, hakuna wa kupita. Ni sawa na kutaka kujua nguvu za nguzo, ukaanza kwa kuing'oa kwenye nyumba. Mukhwana alikimbia. Alijitahidi, maskini, mpaka shati likamganda. Akawa wa mwisho.

Lakini mwalimu yule hakuwa mjinga. Kuna jambo lililomkera, maana mchana ule alikuwa ametazama mechi yao, akaona kwamba kila penye rundo la watu, mzito yule alikuwa chini yake. Ndipo akawageukia waliokuwa wameketi, akauliza lile swali. Ataweza?

Macho yote yakamwendea Mulongo. "Sema wewe," mmoja akamnong'oneza, "si ni ndugu yako?"

Na Mulongo alilijua jibu. Alilijua kuliko yeyote aliyekuwa pale. Lakini kulitamka kulikuwa ni kusema pia kwamba zile mara kumi na moja daftarini zilikuwa za watu wawili. Na nafasi ilikuwa moja. Akainama, akaanza kufunga kamba za kiatu chake. Kamba zilikuwa zimefungwa tayari.

Mwalimu akasubiri. Kisha akalifunga daftari.

Siku ya kuondoka Mulongo, Mukhwana ndiye aliyembebea sanduku begani hadi barabarani. Njia nzima Mulongo alikuwa akitafuta neno, na kila alipolipata lilikuwa la uongo. Walipofika, Mukhwana akalitua sanduku, akampangusa ndugu yake vumbi kwenye kola.

"Nenda," akasema. "Mimi nimezoea kuuona mgongo wako."

Hakulisema kwa uchungu. Hilo ndilo lililomchoma Mulongo, na ndilo alilokwenda nalo.

Kule chuoni alisimama pembeni kama zamani, akatazama chini kwenye nyasi, akiutafuta mkono. Hapakuwa na mkono. Walikuwapo watu wazito, tena wenye nguvu, lakini kila mmoja alikuwa amefundishwa kuutafuta mpira, si kumtafutia mwenzake njia. Akienda kushoto, ukuta. Akienda kulia, ukuta. Msimu mzima aliulaza mpira mara moja, tena kwa bahati. Mwalimu akamwita, akamuuliza, "Hebu niambie, kule shuleni ulikuwa unapitia wapi wewe?"

Safari hii Mulongo hakuinama. "Nilikuwa napitia kwa Mukhwana," akasema, na akalia pale pale, mtu mzima.

Wakaingia kwenye gari la mwalimu, wakaenda hadi kwao. Mukhwana akatoka kwenye miwa. Bega lake la kulia lilikuwa limeshuka, limekaa chini ya lile la kushoto. Wakati wa mvua, mzigo wa miwa ulikuwa umeponyoka juu ya tela, na chini yake walikuwa wamesimama wapakiaji wawili. Yeye akaukinga kwa bega mpaka wakatoka. Wakatoka wazima. Bega halikurudi.

Akamsalimia mwalimu kwa mkono wa kushoto, akaomba radhi kwa kukosa adabu. Mama yao akaleta chai. Wakanywa, wakaongea habari za mvua na za mahindi. Daftari lilibaki ndani ya gari, na hakuna aliyelitaja neno raga. Mulongo alikitazama kikombe chake mpaka chai ikapoa.

Je, angeweza kucheza kule juu? Hatujui. Hakuna atakayejua tena.

Wako wanaosema kipaji hakifichiki, kwamba mwenye uwezo ataonekana tu, leo au kesho. Si kweli. Kipaji hufichwa kila siku mchana kweupe, na wanaokificha mara nyingi ni wale kiliowapitisha. Mkunga aliuona mlango. Mulongo aliupita mara mbili, mara ya kwanza akiwa mchanga, hana ulimi wa kusema, mara ya pili akiwa nao, asiutumie.

Nawe unayesikiliza, uliyefika ulipofika, kuna mtu aliyelala kwenye tope akakupigia nyasi makofi mawili. Siku utakapoulizwa habari zake, tafadhali, usiiname. Mtaje jina.