Bawa Lenye Ukingo wa Manjano

Ilikuwa Alhamisi, saa moja na dakika ishirini jioni, msichana mmoja alipowasha taa yake ndani ya msitu wa milimani. Nisikilizeni kwa subira, wapendwa. Najua wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja, na mabenchi haya hayana huruma.

Kazi yake ilikuwa kutazama nondo, wale wadudu wa usiku mnaowafukuza kwenye taa zenu, na kumtambua kila mmoja kwa jina lake. Hutundika shuka jeupe kati ya miti miwili, huweka taa kali mbele yake, kisha husubiri. Nondo huja wenyewe. Wengine wakubwa kama kiganja, wengine kama punje ya mchele, wanatua na kutulia kana kwamba wamefika nyumbani.

Huo ulikuwa msimu wake wa tatu wa kumtafuta nondo mmoja, ambaye watu walimjua kwa mzoga mmoja tu uliokaushwa na kuwekwa kabatini. Ilibaki Alhamisi hiyo na Ijumaa, kisha kambi ingevunjwa. Alikuwa amechoka hata kope zilimuuma. Ukungu ulikuwa umelowesha soksi zake, na chai ilipoa kabla hajaimaliza.

Usiku ulipokwisha kuwa mkubwa, nondo yule akaja. Akatua pembeni mwa shuka. Au alikuwa mwingine? Maana wako wawili wanaofanana, na tofauti yao ni ukingo wa bawa la nyuma: wa mmoja ni wa manjano, wa mwenzake ni mweupe. Chini ya taa ile manjano na nyeupe ni kitu kimoja. Msichana huyu aliogopa kukosea kuliko alivyoogopa nyoka. Akaamua kungoja mwanga wa jua.

Mwenzake waliyelala naye hema moja akatoa kichwa nje.

"Dada, zima taa, kung'uta shuka, tulale. Wewe hata mchumba akija utamwambia akae mlangoni mpaka kupambazuke, umwone vizuri."

"Nikizima ataondoka, na bado sina hakika."

"Na ndege je?"

"Nitaamka kabla yao."

Kila afanyaye kazi hiyo anajua kwamba kabla ndege wa kwanza hajalia, taa huzimwa na shuka hukung'utwa, ili kila nondo arudi gizani akajifiche. Nondo aliyevutwa na taa haondoki kunapopambazuka. Hulala palepale, mweusi juu ya cheupe, kama chakula kilichokwisha kupakuliwa. Je, msichana hakulijua hilo? Alilijua. Alikuwa amewafundisha wengine. Akaketi, akajifunika kanga, akafumba macho kidogo tu.

Nani kati yetu hajawahi kufumba macho kidogo tu?

Alipoyafumbua, taa ilikuwa ikiwaka bure mchana kweupe. Shorewanda, wale ndege wenye kelele, walikuwa wameshiba, wakipangusa midomo kwenye matawi. Shuka lilikuwa tupu. Chini yake, kwenye majani, kulikuwa na mabawa, kwa sababu ndege hula mwili na mabawa huyaacha. Akapiga magoti. Akatafuta hadi akaokota bawa moja la nyuma, akaliinua juani. Ukingo wake ulikuwa wa manjano.

Mwenzake akamjia kwa nyuma.

"Umemtambua?"

"Nimemtambua. Ndiye."

Wapendwa, mlidhani nitawaambia tuwe taa. Taa tunazo. Spika zetu zinasikika mpaka ng'ambo ya bonde, na watu wanakuja. Anakuja binti mgeni kwenye mkesha, nasi tunamkagua. Ni wa usharika gani? Ameokoka kweli, au amefuata kwaya? Barua yake ya utambulisho iko wapi? Tunataka hakika kwanza. Kisha mkesha unaisha kungali giza, sisi tumechoka, tunafunga geti, naye anabaki barabarani peke yake, mahali tulipomwita sisi wenyewe. Siku nyingine tunaletewa habari za yaliyompata njiani, na hapo ndipo tunaposema: kumbe alikuwa mwenzetu. Hakika ya namna hiyo inamfaa nani?

Sisemi tusichoke. Hata mimi nimesimama hapa nikiwa nimechoka. Nasema tu kwamba tuliyemwita kwa taa yetu ni wa kulindwa na sisi, hata kabla hatujamjua jina.

Ijumaa usiku msichana yule aliwasha taa kwa mara ya mwisho. Aliyemtafuta hakuja. Asubuhi iliyofuata, ndege wakiwa bado kimya, alizima taa, akalikung'uta shuka polepole, akapita akiwapeperusha nondo mmoja mmoja kwa mkono. Akabaki mdogo mmoja wa kijivu, aliyeng'ang'ania uzi. Msichana hakummulika kumtambua. Alimpandisha kidoleni, akampeleka chini ya jani pana, akasimama pale kwenye baridi mpaka yule mdudu akakiachia kidole mwenyewe.