Vichanja vya Kunigunda

Alfajiri, mitumbwi iliyokesha ziwani iliporejea Mbaha, ufukwe wote uliamka kwa pamoja. Wanawake waliteremka na ndoo na mabeseni, wakawazunguka wavuvi kama kuku waliotupiwa mtama. Usipa, wale samaki wadogo wa Ziwa Nyasa wanaong'aa kama sindano mpya, walimwagwa mchangani na kutandazwa kwa viganja. Mikono ikitandaza, midomo nayo haikulala. Alisemwa aliyeolewa, akasemwa aliyeachika, akasemwa na padri aliyehubiri mpaka watoto wakasinzia. Jua lilipopanda, kazi ilikuwa imekwisha na habari za kijiji kizima zimekwisha nayo.

Kwa Kunigunda, saa zile ndizo zilizokuwa siku yenyewe. Saa zilizobaki alizisukuma tu. Alikuwa Mmatengo, mzaliwa wa milimani kwenye mibuni na baridi, aliyeletwa ziwani na mvuvi mmoja aliyeitwa Nazari. Maradhi yalimchukua Nazari, na mtoto wao wa pekee, Elias, aliajiriwa kuendesha lori la makaa ya mawe huko Ngaka. Alipiga simu alipopata nafasi na mtandao, na mara nyingi viwili hivyo havikukutana. Kunigunda akabaki na nyumba ambamo sauti iliyosikika ilikuwa yake peke yake. Kinyasa alikisema vizuri, lakini kukitokea ubishi hakukosekana wa kumkumbusha kwamba yeye ni wa milimani. Ni jirani yake Violet tu ambaye hakuwahi kumkumbusha. Violet ndiye aliyemfundisha kuanika usipa siku za mwanzo za ndoa yake, na ndiye aliyelala naye mkekani siku zote za matanga.

Usipa wakikauka, Kunigunda alipanda nao gari mpaka Mbinga, akajitwika beseni na kuzunguka mitaani. "Usipa! Usipa wakavu!" Aliita mpaka koo likakauka kuliko samaki wenyewe. Milango ilifunguliwa, ikafungwa. Wengine walimwita ili wachovye mkono tu, wavunjevunje samaki wawili watatu, kisha waseme, "Labda siku nyingine, mama."

Siku moja aliingia katika duka la Mwanabibi, mwanamke wa makamo aliyeuza vyakula karibu na soko. Mwanabibi alimkaribisha vizuri, akaokota usipa mmoja, akamtia kinywani. Alitafuna mara moja tu, uso ukakunjamana. Akageuka pembeni akatema.

"Mama yangu," alisema taratibu, "mimi nauza mboga. Mchanga wateja wangu wanao wenyewe nje ya nyumba zao."

Wateja wawili walicheka. Kunigunda alijitwika beseni lake, akatoka. Hakuita tena siku ile. Alitembea mitaa ya Mbinga kimya, na shingo ilimuuma kwa mzigo ambao haukupungua.

Haikupita muda, mtendaji wa kijiji akatangaza kwamba kutakuwa na mafunzo ya kukausha na kuhifadhi samaki kule Mbamba Bay. Atakayependa ajiandikishe.

"Nikafundishwe kuanika?" Violet alisema kule ufukweni, mikono kiunoni. "Basi na jua nalo lipelekwe shule, likajifunze kuwaka!"

Wanawake waliangua kicheko, na Kunigunda akacheka nao. Lakini jioni alikwenda kwa mtendaji akaandikisha jina. Wenzake walikuwa na waume wa kupikiwa na watoto wa kuogeshwa. Yeye hakuwa na wa kumuaga ila paka, na paka mwenyewe alikuwa matembezini.

Mwalimu wa mafunzo alikuwa binti aitwaye Herieth, mtaalamu wa samaki, mwembamba kama mwanzi. Aliwaamkia wote shikamoo kabla ya kuanza. Alieleza habari za kuosha, za maji ya chumvi, za vichanja vinavyoinuliwa juu ili upepo upite chini na juu ya samaki. Kunigunda alisikiliza, kisha akanyoosha mkono.

"Mwanangu, mama mkwe wangu alianika mchangani mpaka anakufa, na watu walikula. Kosa liko wapi?"

Herieth hakumcheka. Aliomba usipa waliokaushwa mchangani, akawatia katika bakuli la maji safi, akakoroga, kisha akawaita wote waje kutazama. Chini ya bakuli palituama mchanga, na juu ya mchanga kipande cha kinyesi cha mbuzi.

"Samaki ni yule yule, mama, na ziwa ni lile lile," Herieth alisema. "Kinachobadilisha thamani yake ni mikono inayojua inafanya nini na kwa nini inafanya."

Kunigunda alilitazama lile bakuli kwa muda mrefu. Aliona mtaa mzima wa Mbinga ndani yake.

Aliporudi Mbaha alikata nguzo, akafunga fito, akatandika nyavu za zamani za marehemu Nazari juu yake. Aliviweka vichanja hivyo uani kwake, juu kidogo kutoka ufukweni, mahali penye upepo na pasipo mbuzi. Siku ya kwanza alipopanda na ndoo yake badala ya kuimwaga mchangani, Violet alimuuliza, "Mama Elias, mbona unatukimbia?"

Hapo ndipo Kunigunda alipokosea. Badala ya kumweleza mwenzake pembeni, alieleza mbele ya wanawake wote. Kwa furaha ya mtu aliyejifunza jambo jipya, alisimulia kuhusu bakuli, mchanga, na kile kinyesi cha mbuzi. Aliposimama kuvuta pumzi, aligundua kwamba hakuna anayecheka. Violet alikuwa amesimama na kiganja kimejaa samaki.

"Kumbe," Violet alisema. "Miaka yote hii tumekulisha mavi. Pole sana, mama mtaalamu."

Maneno ni kama yai, likianguka halizoleki. Tangu siku hiyo jina likawa Mama Mtaalamu, nalo halikutamkwa kwa heshima. Akipita, waliitikia salamu na kurudia mazungumzo yao kwa sauti ya chini. Violet aliacha kupitia kwake kuomba moto na kuacha habari. Asubuhi Kunigunda alifanya kazi uani peke yake, huku vicheko vya ufukweni vikipanda mpaka kwake vikiwa havina maneno, kama redio ya jirani.

Na kama vile upweke haukutosha, kazi yenyewe ilimgeuka. Mkupuo wa kwanza wa samaki ulioza juu ya vichanja. Walitoa maji, wakalegea, wakanuka mpaka nzi wakaja kwa makundi. Aliwafukia nyuma ya choo asubuhi mapema ili asionekane, lakini kijiji hakikosi macho. Kabla ya mchana alikwisha kusikia kwamba Mama Mtaalamu amefanya mazishi.

Siku ile alikaa mlangoni mpaka kivuli cha nyumba kikafika miguuni. Aliwaza kung'oa nguzo. Aliwaza kushuka na beseni lake, kuketi mchangani katikati ya wenzake na kusema jambo lolote la kuchekesha. Wangempokea. Ndilo lililomwia gumu kuliko yote, kujua kwamba kurudi kulikuwa rahisi hivyo.

Badala yake alipanda kilimani, mahali simu inaposhika vizuri, akampigia Herieth.

"Mama, uliwaosha?"

"Niliwaosha."

"Ukawatia kwenye maji ya chumvi?"

"Niliwatia."

"Ukawachuja maji yakaisha kabla ya kuwatandaza? Na ukawatandaza wepesi, wasilaliane?"

Upepo uliingia katika simu.

"Nilikuwa na haraka," Kunigunda alisema. "Niliona hayo ni madogo."

"Ndiyo kazi yenyewe hiyo, mama. Ukishika nusu ya ujuzi, samaki wataoza wote."

Akaanza upya. Sasa hakuruka hatua. Aliosha, akatia chumvi kwa kiasi, akachuja mpaka tone la mwisho, akatandaza samaki kwa subira kama anayepanga shanga, akawafunika kwa chandarua dhidi ya nzi, akawaingiza ndani kabla ya umande. Usipa walikauka wakiwa wamenyooka, weupe wa fedha, na ukimvunja mmoja alilia kama kijiti. Kunigunda alimtafuna mmoja taratibu, akiusikilizia ulimi wake. Hapakuwa na kitu ila samaki. Aligeuka amwambie mtu. Uani hapakuwa na mtu.

Alipofika Mbinga alikwenda moja kwa moja dukani kwa Mwanabibi.

"Wewe si yule mama wa mchanga?" Mwanabibi aliuliza.

"Ndiye mimi." Aliweka mfuko mdogo juu ya meza. "Sitaki chochote leo. Nenda ukapike. Ukitafuna mchanga, usinitafute tena."

Akamwachia jina la kijiji chake na lake mwenyewe, akaondoka. Kisha zikaja siku za kimya. Hakuna aliyemfuata, hakuna aliyemletea ujumbe. Alianika, akahifadhi katika mifuko misafi, akaanika tena. Chumba cha Elias kilijaa usipa, na Elias mwenyewe alipopiga simu alisema likizo imesogezwa mbele. "Haya, mwanangu," Kunigunda alijibu, "kazi ndiyo kazi." Alipokata simu aliendelea kuishika mkononi.

Masika yakaingia. Mvua za mwambao huo haziombi ruhusa. Ufukweni samaki walilowa kabla ya kukauka, wakaanza kuvunda mchangani. Kunigunda alikuwa na turubai juu ya vichanja, nao upepo ulifanya kazi jua lilipojificha. Siku hizo hakusikia kicheko chochote kutoka chini.

Ndipo mchana mmoja gari dogo la mizigo lilipoteremka likiteleza kwenye tope, likasimama karibu na wanawake waliokuwa wakiwaokoa samaki wao mvuani. Mwanabibi aliteremka, ushungi kichwani, viatu mkononi. Wanawake wakamkimbilia na mabeseni, Violet akiwa mbele.

"Poleni na mvua, mama zangu," Mwanabibi alisema. "Namtafuta Mama Kunigunda, mwenye usipa wasio na mchanga. Nilimpikia mume wangu, mume akamsimulia jirani, jirani akamsimulia mwenziwe. Sasa dukani sina amani, kila anayeingia anauliza usipa wa Mbaha. Ningekuja mapema, ila barabara."

Violet akanyoosha mkono kuelekea juu, uani kwa Kunigunda.

Mwanabibi aliingia uani, akaonja, akachukua mifuko yote ya chumba cha Elias, akasema na wa mwezi ujao ni wake, asimpe mtu. Kunigunda hakuwa ametoka hata nje ya ua wake. Aliposindikiza mgeni garini alimwona Violet amesimama na beseni lake kichwani, maji ya mvua yakimtiririka usoni.

"Dada Mwanabibi," Kunigunda alisema, "mwangalie na huyu. Ndiye aliyenifundisha kuanika."

Mwanabibi aliokota usipa mmoja katika beseni, akampeleka puani, akamrudisha polepole. "Samahani sana, mama," alimwambia Violet. "Sitaweza."

Gari likaondoka. Kesho yake Violet alipanda gari la abiria kwenda Mbinga kutembeza mzigo wake mlango kwa mlango, na Kunigunda, aliyekuwa amekwisha kuuza kila kitu, alimwona akipita. Angepaswa kufurahi. Alizijua vizuri nyumba zile zilizokuwa zikimngoja mwenzake, alizijua hata sauti za mbwa wa huko. Chakula kilimshinda mchana ule.

Violet aliporudi jioni, beseni lilikuwa bado zito. Kunigunda alimkuta jikoni kwake, akipuliza moto wa kuni mbichi. Alichuchumaa upande wa pili wa moshi.

"Dada Violet, nilikuaibisha mbele za watu. Jambo lilikuwa la kweli, lakini nililisema vibaya. Nisamehe."

Violet alipuliza moto. Machozi yalimtoka, kwa moshi au kwa lingine.

"Leo wamenifungulia mbwa," alisema. "Mwanamke mzima, nimefunguliwa mlango, nimetazamwa, ukafungwa."

"Najua."

"Mmoja aliniuliza kama natoka Mbaha. Nikasema ndiyo. Uso ukamng'aa. Akaonja, akaniambia, 'Siyo hawa.'" Alisukuma kuni ndani ya mafiga. "Siyo hawa, Mama Elias. Na ni ziwa moja."

"Ni ziwa moja," Kunigunda aliitikia. "Kesho mitumbwi ikirudi, lete ndoo yako kwangu."

Violet aliinamia moto wake tena. Kunigunda alirudi nyumbani, akalala usingizi wa mang'amung'amu.

Asubuhi alichota maji, akaandaa chumvi, akasubiri. Mitumbwi ilirudi, kelele zikapanda, zikapungua. Alikuwa amekwisha kuanza kuosha samaki wake peke yake aliposikia miguu ikiburuza kokoto. Violet aliingia uani na ndoo kichwani, akaitua, akakunja mikono ya blauzi. Nyuma yake walikuja wanawake wengine wawili, wakijifanya wamepita tu.

"Tunaanzia wapi, mama mtaalamu?" Violet aliuliza, na safari hii neno lile halikuwa na mwiba.

"Tunaanzia kwenye maji," Kunigunda alisema. "Taratibu. Tusiruke kitu."

Kufikia masika yaliyofuata, vichanja vilikuwa vimepandana kwenye kilima chote, na wanawake wa Mbaha walikuwa wakimsema padri wakiwa wima, mikono yao ikichambua samaki. Hakuna tena aliyejitwika beseni kuzunguka mitaa ya Mbinga, kwa maana wanunuzi ndio walioteremka kwenye tope kuwafuata. Ziwa halikubadilika wala samaki hawakubadilika. Waliobadilika ni waliokubali kufundishwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.