Bilauri ya Wavu wa Kioo

Waliotutangulia wamehadithia, na ajuaye yote ni Mola, kwamba katika nchi ya Rumi, mji wa Tirasi, alitawala Sultani Kaidari, mwenye majeshi na hazina na asiye na subira hata chembe; na mjini humo waliishi Elazari na dada yake Thamira, mafundi wa kuchonga bilauri iliyovikwa wavu wa kioo, na bilauri na wavu ni pande moja, hapana gundi wala kiungo.

Tanuri lao lilikuwa na jini, Shamharuni, aliyefungwa kwa ahadi tangu enzi za babu yao aitumikie nyumba hiyo, asiseme ila akiulizwa, na akiulizwa asiseme uongo. Na desturi ya mafundi ni kukifukia kioo katika majivu ya moto, na mlango wa tanuri kuukandika udongo, kipate kupoa polepole. Afunguaye mapema hukiua.

Basi bilauri aliyoiagiza Sultani awaonyeshe wageni wake ilipasuka Elazari alipoanza kuichonga, akatiwa gerezani, ikanadiwa kwamba atauawa isipopatikana nyingine. Thamira alilia hata sauti ikamkauka, kisha akawasha moto, akapuliza kioo, akakifukia.

Kingali majivuni, Sultani akaja mwenyewe, akataka kukiona. Thamira akapiga magoti mlangoni, akasema haufunguliwi.

"Binti," akasema Sultani, "mwamuru jini wako akipoze sasa hivi, ama utamtangulia nduguyo kaburini."

Aliogopa mno, lakini shaka aliyoificha siku nyingi, kwamba kuna aliyefungua tanuri mapema, ikamshinda.

"Shamharuni, kwa ahadi ya babu yangu, nani alilifungua tanuri kaka yangu akiwa usingizini?"

"Ni huyu maulana," akajibu jini. "Alitamani kuiona kabla ya wageni wake. Ufa uliingia siku ile, na mkono wa Elazari hauna kosa."

Walinzi wakainamisha macho. Sultani akavua joho, akaketi vumbini, akangoja hata majivu yakapoa, na kioo kikatoka kizima. Thamira akakichonga miezi mingi, mpaka wavu ukaachana na bilauri, ukashikwa na vijiti vya kioo hicho hicho, vyembamba kama miiba ya samaki.

Elazari akafunguliwa, lakini mjini ikavuma kwamba amesamehewa, naye akawa akipita sokoni kichwa chini. Sultani, ambaye moyo wake ulikwisha kutekwa na Thamira, akaleta posa, na akaahidi mahari ya miji na bustani.

"Maulana, kaka yangu hakusamehewa, kwa kuwa hakukosa," akasema Thamira. "Mahari yangu ni wewe kuyasema hayo mbele ya watu."

Siku ya harusi Sultani akasimama mbele ya mawaziri na mafundi na wachukuzi wa sokoni. Miji aliitoa bila kupepesa jicho, lakini kabla ya maneno yale alivua kilemba chake kwanza.

"Bilauri ile niliivunja mimi."

Elazari akainua kichwa, akalia mbele ya kadamnasi bila haya. Nao wakaishi kwa utajiri na heshima hata mauti yakawatenga. Na wazee wa Rumi wakawausia wana wao kwamba aliyemtia mwenziwe aibu hadharani hatubu kwa kunong'ona.