Upande wa Mlima

Nawaambia mapema: hakuna mtu humu ndani atakayeniamini leo. Hata wazee wa kanisa pale mbele, waliokunja mikono kama wananipimia suti. Bisheni tu! Mimi shule niliiachia darasa la sita, lakini mfano huu hata maprofesa hawana. Haya, shikeni mabenchi.

Kulikuwa na Mjerumani mmoja, mchoraji. Hakuchora watu, wala maua, wala farasi. Yeye alichora nchi: mabonde, misitu, mito, mawingu. Na alikuwa hodari, tusimwonee. Mwalimu wake huko kwao, mzee mwenye ndevu kama katani, alimwambia, "Niletee picha ya mlima ambayo watu wakiiona wananyamaza. Ukiweza, kiti changu cha ualimu ni chako. Ukishindwa, usinipigie hodi tena."

Sasa ndugu zangu, mtu akitafuta mlima duniani anakwenda wapi? Semeni kwa sauti! Akaja hapa kwetu. Angekwenda wapi kwingine, kwenye vilima vya watu?

Akaweka kigoda chake kwenye njia ile inayopanda kutoka tambarare, akasimamisha turubai lake la kuchorea, akasubiri mlima ufunguke. Mnaujua mlima wetu, hauna haraka na mgeni. Siku ya kwanza, wingu. Ya pili, wingu. Ya tisa, wingu lilelile limenenepa. Na kila asubuhi, theluji ikianza tu kuchungulia, anatokea bibi mmoja na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani. Anasimama mbele yake, upande wa juu, tuli.

"Bibi, sogea, unaniziba!"

"Nisalimie kwanza."

"Nipo kazini!"

"Na mimi natoka matembezini? Mjukuu wangu, mimi ni mkubwa wako. Upande wa mlima ni wangu. Wewe shuka huku chini, unisalimie, nipite."

Mnacheka, maana mnajua. Kwetu mkubwa hupewa upande wa juu wa njia, mdogo hukaa upande wa chini, ndipo salamu inapokelewa. Hata mtoto anayetambaa anajua hilo. Bwana mkubwa huyu, fundi wa milima, hakujua! Kwake bibi alikuwa kizuizi tu. Siku ya kumi na mbili akaziba njia kwa matawi ya miiba. Bibi akatazama miiba, akamtazama yeye, akazunguka kule mferejini na mzigo wake, maji yakimfika magotini.

Siku ya kumi na tatu mlima ukafunguka wote. Jamani! Weupe mpaka macho yanauma. Mjerumani akachora kama anafukuzwa. Hakuna bibi, hakuna mzigo, hakuna njia. Mlima peke yake, safi. Akapanda meli, kifua mbele.

Huko kwao watu wakakusanyika, picha ikafunuliwa. Chumba kizima kikanyamaza. Mchoraji akaanza kutabasamu. Ndipo mwalimu akakohoa.

"Nzuri. Hiki ni kichuguu cha wapi?"

"Kichuguu? Mwalimu, huo ni mlima! Unagusa mbingu!"

"Nitajuaje? Hapa hakuna hata kitu kimoja cha kuupimia. Hakupita mtu hapo?"

Mchoraji akaitazama tena picha yake. Alipita mtu. Kila siku alipita.

Akapanda meli tena, wiki kadhaa baharini, kwa ajili ya nani? Kwa ajili ya bibi wa majani! Alipomwona anapanda, akavua kofia, akashuka upande wa chini wa njia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Naona sasa umekua. Haya, chora."

Akamchora upande wa juu, na mzigo wake kichwani, mdogo kama punje ya ulezi. Na mlima je? Mlima ukainuka! Ukapanda nyuma ya yule bibi mpaka ukakosa pa kuishia. Kule kwao walipoiona, hakuna aliyeuliza swali. Mwalimu aliinuka kwenye kiti chake, akakipangusa vumbi.

Sisi je? Tunaimba ukuu wa Mungu mpaka madirisha yanatetemeka, halafu tunawawekea miiba wadogo wanaotuonyesha ukuu huo. Tunataka picha safi. Tunataka mlima bila mbeba majani. Usishangae jirani akitazama imani yako akaona kichuguu!

Asanteni kwa makofi, nimestahili. Lakini kuna kipande nimekiruka.

Jumanne alikuja mpiga picha wa kalenda ya usharika. Bibi Aikaruwa alikuwa mlangoni pa kanisa anafagia, kama anavyofagia tangu kabla sijazaliwa. Na ni mimi, hodari wenu, niliyesema, "Bibi, sogea, unaharibu picha." Akazunguka nyuma, kwenye matope, na ufagio wake.

Picha imetoka. Nimeiona. Kanisa letu, tulilojenga kwa mawe ya mtoni tuliyobeba vichwani, linaonekana kama banda la kuku.

Bibi Aikaruwa, nakuona hapo karibu na mlango unaotazama mlima. Kaa hapohapo, usisogee hata kidogo. Mimi ndiye nakuja, na nitasimama upande wa chini.

Shikamoo, bibi.