Aliyeshika Mkia wa Mkokoteni

Wapendwa, huko milimani palikuwa na mchukuzi mmoja, Shemboza, mtu wa kifua kipana na aliyempenda sana mama yake. Siku moja mjukuu wa mama huyo alikuwa anaolewa kule bondeni, na bibi hakuweza tena kuushuka mlima kwa miguu. Shemboza akamkalisha kwenye mkokoteni, juu ya magunia ya viazi vya karamu, akamfunga kwa khanga asianguke. Akashika mikono ya mkokoteni, akavuta.

Haukutikisika. Akavuta tena mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mkewe, mwanamke mwembamba, akaja nyuma akaegemeza bega. Magurudumu yakazunguka kidogo, kisha yakaenda. Si mnajua wenyewe? Kuuanzisha ndiyo shughuli. Ukishakwenda, penye tambarare hauna matata.

Shemboza akamwambia mkewe kwa upole arudi akajipambe, kazi yake imekwisha. Mke akacheka, akasema atawasindikiza kidogo.

Walipofika kwenye mteremko, mkokoteni ukaanza kumsukuma mvutaji. Alitembea, akakimbia, mwisho miguu ikawa inagusa chini kwa shida. Mkokoteni hauna breki ila kipande cha tairi kilichopigiliwa nyuma, chini ya mkia. Akainua mikono ili tairi ile ikwaruze barabara, lakini magunia yalilemea mbele, mkia haukushuka. Mbele palikuwa na kona, na ng'ambo ya kona, mto.

Mara Shemboza akahisi anavutwa kwa nyuma.

"Niachie! Unanirudisha nyuma, utatupindua."

"Siachi," mkewe akajibu.

Alikuwa ameng'ang'ania mkia kwa uzito wake wote, anaburuzwa kwenye changarawe. Mkia ukashuka. Tairi ikauma barabara, ikanuka kuungua; mwendo ukapungua, ukapungua tena, mpaka mkokoteni ukasimama kabla ya kona.

Shemboza akamkimbilia mama yake. Bibi akamsukuma kifuani kwa kiganja.

"Mimi mzima, mwanangu. Nenda kamtazame mwenzio."

Magoti ya mkewe yalikuwa yamechunika. Shemboza akaketi barabarani, akavua shati lake jeupe la harusi, akamfuta damu nalo. Harusini alikwenda na koti tupu, na watu wakamcheka, naye hakujali.

Watoto wetu shuleni wanaliita jambo hili inesha. Kilichosimama hubaki kimesimama, na kinachokwenda huendelea kwenda, mpaka nguvu nyingine ikiingilie. Na mzigo ukiwa mzito, nguvu ya kubadili mwendo wake sharti iwe kubwa. Lakini ni nani aliyetuambia kwamba nguvu ni ile ya kusukuma mbele tu?

Sisi anayetusukuma tunampigia makofi. Anayetushika tukiporomoka je? Mke anayesema pombe sasa basi, dada anayesema ugomvi huu umetosha, tunawaita wakwamishaji. Tunawafokea, nao wanaburuzwa nyuma yetu hawatuachi, maana wanatupenda, na wanaiona kona ambayo sisi, kwa mbio zetu, hatuioni.

Wengi wetu tunaye mmoja nyumbani leo. Ukifika, kabla hujaomba chakula, kaa naye umshukuru.